Mpigieni Mdogo Wangu

Simu ya kwanza ilinikuta kwenye mashine, nafuma mkono wa sweta la kijani la shule. Namba ngeni. Nikajua mteja, maana siku zile simu yangu ilikuwa haitulii: huyu anataka sweta la mtoto wa chekechea, yule anauliza kama nafuma na kofia. Nikapokea kwa sauti yangu ya biashara, ile tamu.

"We mama, unamfahamu huyu mwizi?" Mwanaume huyo akataja jina la mdogo wangu, majina yote matatu, kama padri anayesoma cheti cha ubatizo.

"Huyo si mwizi, ni mdogo wangu," nikamwambia. "Na wewe kwenu hakuna salamu?"

Akacheka. Salamu, alisema, nitampa pamoja na pesa zao. Mdogo wangu amekopa kwao kwa njia ya simu, siku zimepita, simu yake haipatikani, na mimi ndiye mdhamini wake. Ama nimlete, ama nilipe.

Mdhamini! Jamani, sikusaini kitu, sikupiga picha, sikuitwa ofisi yoyote. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kwenye hii mikopo ya simu, ambayo watu wenyewe wanaiita kausha damu, mkopaji anaandika tu namba ya mtu wake wa karibu. Basi. Huyo mtu anakuwa mdhamini hata kama yuko kwake anakoroma.

Huyu mdogo wangu ndiye kitinda mimba wetu. Mama alifariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, baba naye hakukaa sana, na kwetu Matembwe hapakuwa na mtu wa kumlea mtoto mdogo namna ile. Nikamchukua nikaja naye Njombe mjini, vyumba viwili vya kupanga, nikamlea kwa masweta. Baridi ya Njombe ilitulisha. Wanaume wawili watatu waliokuja kunitaka walimkuta ananing'ang'ania sketi, wakanywa chai wakaaga, na sikuwafuata.

Alipokua akaingia kwenye viazi. Ananunua kwa wakulima wa Ipelele, anashusha Makambako, anapakia kwenye malori yanayokwenda Dar es Salaam. Msimu mmoja bei ikaanguka mzigo ukiwa njiani, gari likaharibika, viazi vikaoza kwenye magunia. Hayo yote sikuambiwa. Alikuja nyumbani, akala makande, akasema anafika Makambako mara moja kuangalia gari. Alikuwa amevaa koti lake la kahawia. Nikamwona mgongo anapita kwenye ukungu, akakata kona kwenye duka la dawa, na simu yake ikazimwa tangu jioni ile.

Kwa hiyo aliponipigia huyo mwanaume wa madeni, mimi nilikuwa tayari nina wiki kadhaa sili vizuri. Alidhani namficha. Laiti ningekuwa namficha!

Baada ya hapo simu zikaja kama mvua ya Njombe, haianzi wala haiishi. Asubuhi, nikiwa kanisani, nikiwa nimepanga foleni ya maji. Ukizuia namba moja wanapiga na nyingine. Wengine wanatukana matusi ambayo sikuyasikia hata kwa wapakia mbao. Halafu wakafanya la kufanya: wakatuma ujumbe kwa kila mtu aliyekuwa kwenye simu ya mdogo wangu. Picha yake, neno TAPELI kwa herufi kubwa, na chini yake namba yangu: "Mdhamini wake ni huyu, mwambieni alipe." Kumbe mtu akikubali masharti yao, wanabeba majina yote yaliyomo kwenye simu yake.

Na mdogo wangu ndiye alikuwa ananipelekea masweta kwa wateja. Kwa hiyo simu yake ilikuwa na walimu wanaoniagizia, mwenyekiti wa kwaya, mwenye nyumba, mpaka yule mama wa Makambako anayeniuzia nyuzi za jumla. Wote wakapata.

Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Mwalimu mkuu aliyeniagizia masweta ya darasa la kwanza akasema ngoja kwanza, atanijulisha. Hakunijulisha. Kwenye jumuiya nilipoingia watu walikuwa wanaongea, nikakaa, wakaanza wimbo. Mama mmoja niliyemfumia watoto wake wote watano aliniona sokoni akageukia nyanya, akazichagua weee, kama anachagua mchumba. Sikumlaumu sana. Ukipokea ujumbe wa namna ile unaogopa na wewe usije ukaandikwa.

Simu yangu ikawa na watu wa aina moja tu. Siku nzima ikilia, najua ni wao. Siku wasipopiga, hailii kabisa, na ukimya wa vile vyumba viwili ukawa unaniumiza kuliko matusi. Nasema ukweli. Nilikuwa nasikia mashine yangu inakwenda, krr, krr, na sauti nyingine hakuna.

Nilikuwa nakwenda Makambako kwa nyuzi, na kila nikienda nilikuwa napitia kule yanakoegeshwa malori. Natembea kati ya magari yale, naangalia makoti. Madereva wananiuliza, "Mama, unatafuta gari la wapi?" Nawaambia namtafuta mtu. "Wa wapi?" Ndipo nashindwa kujibu, maana pale barabara zinagawanyika, moja inakwenda Mbeya, moja Iringa, moja inarudi kwetu na kushuka Songea. Nani ajue alishika ipi? Nikanunua mahindi ya kuchoma, nikala nimesimama, nikarudi na mfuko wangu wa nyuzi.

Baba mdogo alikuja kutoka Matembwe na parachichi kwenye ndoo. Nikajua ana jambo, maana huyu mzee hatoi parachichi bure. Alipokwisha kunywa chai akasema ukoo umekaa. Kijana haonekani, hasikiki, na njia za malori zina mambo. Baada ya mavuno wanaona afadhali tufanye ibada, tumwombee kama marehemu wengine, na lile shamba aliloachiwa na baba lipate mtu wa kulilima, magugu yamelijaa.

"Mmemwona maiti?" nikamuuliza.

"Hatujamwona. Na mzima hatujamwona vilevile."

Neno hilo ndilo lililonikata maini. Sikuwa na kitu chochote mkononi cha kuonyesha kwamba mdogo wangu yuko hai. Nilimsindikiza stendi, nikarudi, nikalia mpaka macho yakavimba, na katikati ya kulia simu ikaita. Wao.

Sasa, kwetu kuna kitu kimoja. Ubenani salamu haiachwi chini. Hata kama mmegombana na mtu mpaka mmepelekana baraza la kata, akikwambia "kamwene" unaitika "kamwene", halafu mnaendelea kugombana. Mtoto anafundishwa hivyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Asiyeitika tunamhesabu kuwa si mtu.

Siku ile nilikuwa nimechoka hata Kiswahili kimenikimbia. Nikapokea nikasema tu, "Kamwene."

"Kamwene, mama," ikaitika sauti ya binti. Nikasikia kabisa alivyoshtuka.

"Kumbe wewe ni wa kwetu," nikasema.

"Mama, tuzungumze kuhusu deni."

"Tutazungumza. Kwenu ni wapi?"

"Hairuhusiwi kusema, mama. Simu zinarekodiwa." Akajikohoza, akapandisha sauti kama anahutubia. "Mteja wetu ameanza kulipa, lakini analipa kidogo sana. Jumanne ameingiza elfu tano. Mwambie aongeze, la sivyo hatua zitachukuliwa."

Nilishika ukingo wa mashine. "Ameingiza nani?"

"Yeye mwenyewe, mama. Namba ni nyingine, si ile ya zamani, ila jina lililotokea ni lake."

Ee Mungu wangu! Nilipiga kigelegele peke yangu kwenye chumba kile, jirani akagonga ukuta. Mtu amelipa Jumanne, basi Jumanne alikuwa anapumua. Nikampigia baba mdogo Matembwe, nikamwambia ibada hakuna, shamba lisiguswe. Akaniuliza nina ushahidi gani. Nikamwambia, "Baba, marehemu halipi deni." Mzee akakata simu.

Namba hiyo mpya sikumwomba binti, nisimponze kwenye simu zinazorekodiwa, lakini kuanzia hapo mambo yakageuka kichwa chini. Nilikuwa nazikimbia zile simu, sasa nikawa nazisubiri. Nikienda bafuni nakwenda na simu. Akipiga mwanaume wa matusi namsikiliza mpaka amalize, namuuliza, "Wiki hii amelipa?" Anachanganyikiwa, anadhani namdhihaki. Akipiga yule binti, naanza mimi, "Kamwene," anaitika kwa sauti ndogo, halafu anapaza ile sauti ya kurekodiwa: "Tunasikitika, mama, mteja wetu wiki hii ameingiza elfu tatu tu!" Anaitamka kwa ukali, na mimi huku nacheka machozi yananitoka. Elfu tatu. Basi kazi anayo, ingawa ni ya kubangaiza. Wiki nyingine elfu kumi. Nikajua amepata kitu. Wiki moja hakulipa kabisa, nikashindwa kufuma, nikakosea rangi ya kola nikafumua mara mbili, mpaka wiki iliyofuata aliposikika tena.

Mwenyekiti wa kwaya, ambaye ni mtu mzima mwenye huruma zake, akanifuata baada ya ibada. Akasema dawa ya deni ni kulipa, wanakwaya wako tayari kunichangia, tulimalize deni lile nipumzike. Nikamshukuru nikakataa. Watu wakasema nina roho ya korosho, namwachia ndugu yangu adhalilike na hela za kuchangiwa nimeletewa mezani. Ningewaeleza nini? Kwamba deni likiisha simu zitaacha, na simu zikiacha sitajua tena kama mdogo wangu amekula? Ungesimama kanisani ukasema hivyo, wangekuombea kichwa.

Kidogo kidogo watu wakasahau. Mwalimu mkuu akapata aibu ya mafundi wengine waliomfumia masweta yanayovutika kama soksi, akarudi na oda yake. Mama wa nyanya akanisalimia. Nikaanza kulala.

Ndipo binti akapiga. Nikasema "Kamwene", akaitika, na safari hii hakupandisha sauti.

"Mama, mteja amemaliza. Tumefunga akaunti yake leo. Hutasumbuliwa tena."

"Nisumbueni tu," nikasema.

"Mama?"

"Sasa mtamwuliza lini tena kama yuko salama?"

"Aliyemaliza hatumpigii, mama."

"Nipe namba yake, mwanangu. Nakuomba."

Nikamsikia anavuta pumzi. "Nikitoa namba ya mteja nafukuzwa kazi leo leo. Mimi kazi yangu ni kupiga tu." Akaniaga kwa adabu, na simu ikakatika.

Nilikaa na furaha kama saa nzima. Amelipa! Mtoto niliyemlea hana deni la mtu! Halafu furaha ikaondoka, kikaja kitu kingine. Hasira. Kumbe ana hela. Kumbe ana simu, ana vocha, ana akili zake timamu za kukumbuka kuwalipa watu waliomtukania marehemu mama yake, mpaka shilingi ya mwisho. Na mimi? Namba yangu anaijua kwa kichwa, haijabadilika tangu anajifunza kuhesabu. Mimi nilikuwa wa kuandikwa mdhamini tu? Niliongea kwa sauti, peke yangu, nikalitupa sweta la mteja ukutani. Kisha nikaenda nikaliokota, maana lilikuwa na tarehe ya kuchukuliwa.

Ikaja miezi ya ukimya. Wateja walipiga, ndiyo, lakini mteja anauliza sweta, hamuulizi fundi. Masika ikaingia, ukungu haunyanyuki mpaka saa sita, natoa jiko la mkaa nje likolee, narudi nalo ndani, nakaa. Nilimfumia yeye sweta, la kahawia, rangi ya lile koti. Kwa kipimo cha mgongo niliouona ukipita kwenye duka la dawa. Likaisha, nikalikunja, likakaa juu ya kitanda chake.

Nikiwa nalikunja ndipo maneno ya yule binti yakanirudia. Kazi yangu ni kupiga tu.

Sikumshirikisha mtu. Nilikaa na simu yangu ya kupangusa, nikafungua majina, nikaanza kufuta. Nilijua hawa watu wanabeba kila jina watakalolikuta, na sikutaka mwalimu mkuu wala mwenyekiti wa kwaya aipate aibu ile mara ya pili kwa ajili yangu. Nikamfuta mwalimu mkuu. Nikamfuta mwenyekiti, mama wa nyanya, mama wa nyuzi wa Makambako, baba mdogo. Atakayenihitaji si atanipigia? Nilipomaliza likabaki jina moja tu, "Mdogo wangu", na ile namba yake ya zamani iliyokufa. Nikaliangalia lile jina lilivyo peke yake kwenye kioo. Loo, nilisikia baridi siku ile.

Nikaingia kule kule alikokopa yeye. Nikaomba kiasi cha chini kabisa. Penye mtu wa karibu nikaandika majina yake yote matatu na ile namba iliyokufa. Pesa ikaingia kabla hata sijaiweka simu chini, na sikuigusa. Nikaendelea kufuma, nikaacha siku yao ya kulipa ipite.

Akaanza yule mwanaume. "We mama, unajifanya mjanja?" Nikamjibu, "Kamwene, baba. Sina hela." Akatukana mpaka akachoka. Nikamwambia mdhamini wangu wanaye, wampigie yeye. Akasema namba hiyo haipatikani. Nikamwambia watafute, si ndiyo kazi yao?

Siku iliyofuata akapiga binti. Tukasalimiana. Nyuma yake nikasikia wenzake wanawafokea watu wengine.

"Mama," akasema polepole, "umekopa hela ndogo hivi, na wewe ni mtu wa kulipa. Una nini?"

"Sina kitu. Mpigieni mdogo wangu."

"Mama..."

"Mwanangu, nimekuomba namba? Sijaomba. Mdhamini wangu ni mteja wenu wa zamani, mnajua anapopatikana. Fanya kazi yako."

Ile sauti yake ya kuhutubia ikapanda, kali kuliko siku zote: "Sawa, mama! Tutawasiliana na mdhamini wako! Na tutamsumbua!"

"Msumbueni sana," nikasema.

Jioni ile simu haikulia. Kesho yake haikulia. Keshokutwa yake, mchana, nimeshika kola ya sweta, ikaita. Namba ngeni.

"Dada! Una wazimu?" Alikuwa anafoka. "Unakopa kwa hawa watu? Hujui hawa ni watu gani? Unaumwa? Mwenye nyumba amekufukuza? Umepungukiwa nini mpaka ukope kausha damu, wewe? Usiwape hata senti, nalipa mimi leo. Mimi nilisema nikipata kitu cha kuja nacho mkononi ndiyo nikupigie, nisije mikono mitupu tena, sasa wewe unaniletea... Dada? Dada, unanisikia?"

Sauti ilikuwa imekuwa nzito. Nyuma yake gari kubwa lilikuwa linaunguruma na mtu anapiga kelele za kurudisha nyuma, njoo, njoo, njoo. Nilikuwa na mengi ya kumwambia: baba mdogo, shamba, lile sweta la kahawia. Nilikuwa na hasira pia, usidhani.

"Kamwene," nikasema.

Kufoka kukakatika, nikadhani vocha imeisha, nikaitoa simu sikioni nikaitazama. Ilikuwa bado inahesabu.

"Kamwene, dada," akaitika, na hapo hapo akaanza kulia, mtu mzima na ndevu zake katikati ya malori. Sikumnyamazisha. Nilikaa pale pale kwenye mashine nikamsikiliza mpaka simu ikakatika.

Kwenye simu yangu jina lilikuwa bado ni lile lile moja. Nikabadilisha namba yake, nikaweka hii aliyonipigia.